Aitaye Mara Moja

Mishi mwanangu,

Salamu utazipata kesho kwa mdomo, kwa hivyo sizimalizi hapa. Na ya blanketi, ya dawa ya kikohozi, na ya ile achari ya maembe iliyofungwa kwa nailoni juu ya nailoni isije ikamwagikia vyeti vyako, mamako keshayasema, na atayasema tena mpaka mlangoni pa uwanja wa ndege. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina langu moja tu, na nimeona nikilisema kwa mdomo nitaliharibu.

Nakuandikia nikiwa kazini. Bwawa la kuogelea limefungwa leo. Pampu imekufa, na fundi yumo shimoni mwake anaitukana polepole ili meneja asimsikie. Hakuna mgeni hata mmoja majini. Lakini nimekaa kwenye kiti changu kile kile cha juu, na kila nikiandika mistari miwili mitatu nainua macho nayatazama maji pembe kwa pembe. Mwenyewe najicheka. Ukiona mwandiko umepinda mahali, ujue hapo nilikuwa nachunga maji matupu.

Basi nisikuzungushe. Siku ile uliponijia pale uani kwetu Bongwe, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeinama natia upepo gurudumu la baiskeli. Ulisimama upande wa jua, kivuli chako kikaniangukia mikononi. Ukasema, "Baba, nimechukuliwa kule kwenye antena. Naomba radhi yako niende." Ukalisema mara moja. Nami sikukujibu. Niliendelea kupiga pampu mpaka gurudumu likawa gumu, na lilipokuwa gumu nikazidi kupiga. Ulingoja. Kisha ukaenda jikoni kwa mamako, nikasikia sufuria zinawekwa kwa kishindo.

Hukulirudia tena. Tangu siku hiyo tumeamkiana, tumekula sinia moja, umehangaika na pasi na viza na chanjo, na kila asubuhi umeniambia shikamoo baba nikakuitikia marahaba kama kwamba hakuna kitu. Lakini lile neno halikupata jibu. Juzi mamako hakuweza kustahimili. Akaniambia, "Bakari, mwana amepiga hodi, nawe umejifanya humo ndani. Ataondoka akijua umemnyima radhi." Nikamwambia, angesema tena ningemjibu. Akasema, "Wewe ungali Bodo."

Amesema kweli, na sharti nikueleze ukweli huo.

Nyanyako Fatuma, Mungu amrehemu, alitulea mimi na ami yako Salimu kule kijijini Bodo kwa masharti mengi, lakini moja lilikuwa juu ya yote. Ukisikia unaitwa mara moja, usiitike. Zaidi saa sita, jua likiwa utosini, na zaidi kule kwenye mikoko. Binadamu akikuhitaji atakuita tena. Jini haiti mara mbili. Anataka umwitikie tu, ukishamwitikia umekwisha. Hili hatukulifanyia mzaha. Mtoto aliyeitika ovyo alipigwa fimbo ya ukwaju, na wenzake wakamtazama siku nzima waone kama anabadilika.

Kisa cha mikokoni unakijua, maana ami yako hukieleza kila Idi, na kila Idi kaa wanakuwa wakubwa zaidi. Tulikwenda kutafuta kaa, mimi mkubwa, yeye mdogo. Tukaachana kidogo. Jua lilikuwa limesimama. Nikasikia, "Kaka!" Sauti yake hasa, mara moja, kisha kimya. Nikasimama, nikangoja aite tena. Hakuita. Basi nikajua si yeye. Nikakaa juu ya mzizi wa mkoko, nikaanza Ayatul Kursi, na nilipoimaliza nikaianza tena.

Salimu alikuwa amezama topeni hadi kifuani, mguu umenaswa na mizizi, na maji yanajaa. Aliniita, na kabla hajavuta pumzi ya kuniita tena maji yalimjaa kinywani. Aliyemtoa ni mama mmoja aliyekuwa akiokota chaza upande wa pili. Hakusikia sauti yoyote. Aliona mkono. Akamvuta kwa nywele, akambeba mpaka nyumbani akiwa anatapika matope, na mimi nikafuata nyuma nikiwa na kapu langu la kaa.

Kufikia hapo ami yako hucheka, nanyi nyote hucheka, na mamako huleta chai. Kuna sehemu hajawahi kuieleza, na pengine yeye mwenyewe haikumbuki. Usiku ule aliniuliza, "Kaka, hukunisikia?" Nikamwambia, "Nilikusikia. Nikadhani si wewe." Akasema, "Haya." Akageukia ukutani akalala. Na tangu usiku ule, Mishi, ami yako hajaniita tena. Mtazame utaona. Akija kuomba chumvi, haiti kutoka uani kama watu wengine. Anaingia mpaka nilipo, ananigusa bega, ndipo anasema. Hata nikiwa juu ya paa naezeka makuti, atapanda ngazi mpaka juu. Watu wanadhani ni adabu ya mdogo kwa mkubwa. Mimi najua ni nini, na kila akinigusa bega nasikia uchungu.

Nimeinua macho. Maji hayajambo.

Nilipoajiriwa hapa hotelini, aliyetufunza kazi alikuwa Bwana Mutiso, mtu wa bara, mweusi mrefu anayetembea kama anayepima ardhi. Neno lake la kwanza lilinichoma. Alisema, "Wazee, sikieni. Mtu akizama hapigi makelele kama kwa sinema. Ataita mara moja, ama asiite. Ukingoja mara ya pili, ni maiti unatoa." Wenzangu wakaandika. Mimi niliomba ruhusa nikaenda msalani nikanawa uso.

La pili alilotufunza ni namna ya kutazama. "Usikazie macho mtu mmoja, Bakari. Hata kama ni mrembo. Cheki maji yote." Ukimkazia mmoja utamwona vizuri sana, mpaka vifungo vya nguo yake, na mwingine atakuzamia nyuma ya mgongo. Kwa hivyo unayalegeza macho, unayatandaza, huangalii mtu, unaangalia lolote linalobadilika. Ilinichukua muda kujifunza. Mamako alilalamika kwamba hata nyumbani simwangalii usoni.

Ndiyo maana likizo ile uliporudi kutoka chuo ukatueleza kazi yako, nilikuelewa kwa upesi kuliko ulivyotarajia, ukashangaa. Ulituambia kwamba kuna darubini za redio za sahani kubwa, zinachungulia kijipande cha mbingu na kukiona vizuri sana. Lakini mnachokitafuta ninyi ni mlio wa ghafla, wa mawimbi ya redio si wa kusikika kwa sikio, unaokuja na kuondoka kabla mtu hajapepesa jicho, na hakuna ajuaye utatoka upande gani. Kwa hivyo mmetandaza antena nyingi kule jangwani, kusini kabisa, ziitazame mbingu pana kwa pamoja. Nikasema, "Yaani kama bwawa." Ukanitazama ukasema, "Ndiyo, baba. Kama bwawa." Nilifurahi siku hiyo, sikukwambia.

Nikakuuliza mnajuaje kama umetoka mbali. Nawe ukachukua mfano wa harusi ya binti ya jirani aliyeozwa Msambweni, na kwa mfano huo nikajua kwamba shule haikukutoa kwetu. Ulisema, watu wa harusi wakitoka pamoja saa ile ile, wa pikipiki watafika mwanzo, wa baiskeli nyuma yao, wa miguu mwisho. Kama ni kutoka nyumba ya pili watafika karibu pamoja. Kama ni kutoka Msambweni, wa pikipiki watakuwa wamekwisha kula pilau na wa miguu hawajaonekana. Mlio nao ni hivyo. Wimbi jembamba hufika kwanza, lile nene huchelewa, kwa sababu ya hewa nyembamba iliyotawanyika njiani kati ya nyota na nyota. Mnapima kuchelewa kule, mnajua wametoka mbali kiasi gani. Na wengine, ulisema, walitoka kabla hakujakuwa na mtu wa kuwasikia.

Nikakuuliza wanaoita ni nani. Ukasema hamjui kwa hakika, pengine ni nyota zilizokufa zenye sumaku kali. Mamako akasema astaghfirullah, nyota iliyokufa inaitaje. Nikasema mimi, "Wanatuflashi tu hao. Hawana kredo ya kupiga." Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Kisha ukasema neno ambalo nimelala nalo na kuamka nalo: "Baba, mtu akikuflashi si anataka umpigie?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nacheka, nikakumbuka, nikaacha kucheka. Nikakuuliza kama wanarudia. Ukasema wachache hurudia, lakini wengi wao mmewasikia mara moja tu. Nikasema kwa sauti ya nyanyako, wala sikujua kwamba ninayo, "Anayeita mara moja si mtu. Hiyo kazi ni kupoteza umri." Ukakunja karatasi yako uliyokuwa umechora juu yake. Kisha ukasema taratibu, "Tukingoja waite tena, baba, tutakufa hatujajua kitu."

Nilikuwa nishasema, na mzee akishasema huona aibu kurudi nyuma. Hilo nalo lishike, mwanangu. Aibu ya kurudi nyuma ni ndogo sana ukiilinganisha na ya kuendelea mbele na kosa.

Lakini nyanyako nimtendee haki pia. Hakuwa mjinga. Kuna sauti nyingi za uongo, na wewe mwenyewe umeniambia. Ulinichekesha kwa habari ya lile jiko la umeme la kupashia chakula, kwamba mtu akilifungua kabla halijamaliza hutoa mlio wa kudanganya mitambo, na wataalamu wazima wakakaa kuhangaika na mbingu kumbe ni mwenzao ana njaa. Nikakuuliza sasa mnatambuaje. Ukasema, kelele ya jirani huingia kwa madirisha yote pamoja. Ya mbali huingia kwa dirisha moja. Mitambo yenu ikisikia kitu kutoka kila upande, mnajua ni cha hapa hapa chini. Basi hiyo ndiyo hekima, Mishi, kujua dirisha. Nyanyako alitufundisha woga wa sauti, hakutufundisha kutazama imeingia wapi. Sauti ya Salimu iliingia kwa dirisha moja tu duniani, na mimi nilikuwa nalijua dirisha hilo tangu alipozaliwa. Ningeliamini sikio langu.

Fundi ametoka shimoni. Ameniuliza naandika nini nikiwa nimekunja uso hivi. Nimemwambia nampigia hesabu yake. Amerudi shimoni.

Sasa niseme lile ninaloliogopa kulisema. Ulipokuja na kivuli chako juu ya mikono yangu, nilikusikia. Nilisikia kila neno. Na nilijitetea moyoni kwamba nangoja useme tena, kama nilivyofundishwa. Huo ni uongo. Mila niliivuta kama shuka nikajifunika. Nilikuwa naogopa, basi. Nilijua nikisema ndiyo utaondoka, na nisiposema chochote labda siku haitafika. Nimekaa miaka mingi juu ya kiti hiki nawalinda watoto wa watu, na wangu naona anakwenda mahali ambapo hata nikiyatandaza macho vipi simwoni. Nyumba itakuwa kimya. Nani atanisahihisha Kiingereza cha mameneja? Nani atamwambia mamako kwamba chumvi imezidi, mimi siwezi, naogopa? Nitakukosa, Mishi. Nimeshaanza kukukosa na bado uko uani unakunja nguo.

Kisha nikagundua jambo baya zaidi. Jumatatu ulitaka nikupe ufunguo wa stoo. Nilikuwa kisimani. Zamani ungeliita kutoka mlangoni, "Baba! Baba! Baba eh!" mpaka majirani wote waitike badala yangu. Ulikuwa mtoto wa kuita, nami nilikuwa mtu wa kuitika mara ya nne. Jumatatu hukuita. Ulitembea mpaka kisimani, ukanigusa bega, ukasema, "Baba, ufunguo." Nikakupa. Ulipoondoka nikakaa chini pale pale kwenye ukingo, ndoo imejaa mkononi.

Watu wawili sasa. Mmoja nilipoteza sauti yake nikiwa mtoto, sina wa kumlaumu sana. Wa pili nikimpoteza nikiwa na mvi hizi, ni mimi.

Unakokwenda umesema simu haziruhusiwi karibu na antena, zinatia kelele. Utapiga ukipata nafasi ya kwenda mjini. Mamako analia kwa hilo, lakini mimi nimejiwekea sharti langu jipya juu ya yale ya Bodo. Simu yangu ikilia mara moja ikakatika, nitakupigia. Nikiwa na kredo au nikiwa nimekopa. Nikiwa nakula, nikiwa katikati ya kumsema fundi. Sitangoja ilie tena nione kama ni wewe kweli.

Nawe kule, katika hiyo kazi yenu, wako watakaokwambia alichokisikia mtu mmoja mara moja si kitu. Wengine watakuwa na haki. Pima, tazama dirisha, hesabu wa pikipiki na wa miguu. Lakini ukishapima ukaona ni kweli, usingoje waite tena ili upate ujasiri. Sema nimesikia. Usikae juu ya mzizi ukisoma dua kwa kuogopa kunyanyuka. Dua ni njema, lakini mimi niliisoma nikiwa nimekaa.

Ulinieleza pia kwamba mashine zenu haziwezi kuweka kila zinachokisikia, ni kingi mno. Kwa hivyo zinashika kitambo kidogo tu kilichopita, zinakifuta, zinashika kingine, na zikishtuka kwamba palikuwa na kitu, basi kile kitambo hakifutwi tena, kinawekwa mpaka mtu aje akitazame vizuri. Nilifikiri siku ile, laiti Mungu angetuumba hivyo. Sasa nadhani alituumba hivyo. Ule upande wa jua uliosimama ninao. Ukucha wako wa dole gumba uliokuwa na unga, ulikuwa umetoka kukanda maandazi, ninao. Ninayo sauti, na ilivyotetemeka kidogo kwenye neno radhi, nawe hutetemeki ovyo. Sikukifuta hata kitu kimoja. Nilichelewa tu kukitazama.

Unakumbuka nilivyokufundisha kuitika? Ulikuwa mdogo, ukiitwa unasema "mmm" au "nini", nami nikakukaripia. Mtoto wa kike akiitwa husema abee, wa kiume naam. Ukaniuliza kwa ule ukorofi wako, "Na baba akiitwa na mtoto wake, anasema nini?" Nikakwambia naam haina mkubwa wala mdogo, aliyeitwa ni aliyeitwa. Ukaenda nyuma ya nyumba ukaniita ili unijaribu. Nilikuwa na shughuli, sikuitika.

Barua hii nitaitia kwenye mkoba wako, juu ya nguo, si chini, nikijua utaifungua kabla ya kivuko cha Likoni kwa sababu hukujaliwa subira. Ukishaisoma usiniulize, wala usinirudie lile ombi. Huna haja ya kulisema mara ya pili. Tutakuwa tumeketi kiti kimoja garini, mamako katikati na achari yake. Wewe tazama mbele tu, nami nitatazama mbele. Nitakuwa nishakujibu.

Radhi zangu unazo, zote, za tangu ulipozaliwa na za siku nitakazobakishiwa. Nimekuwia radhi duniani na akhera. Nenda kawasikilize hao wanaoita mara moja.

Siku ile uani, jua likiwa nyuma yako, uliniita "Baba."

Naam, Mishi. Naam, mwanangu.